Je, wajua polisi wa Uingereza walizimiwa nini usiku wa Desemba 31, 2020?

Mwaka 2016, siku chache baada ya Waingereza kupiga kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya, nilimweleza jamaa yangu kwa kujiamini kabisa kwamba sasa Uingereza imebaki bila NATO, ule muungano wa kijeshi wa nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini. Hakunibishia, maana naye hakujua. Baadaye ndipo niligundua kwamba nilikuwa nimechanganya nyumba mbili zilizojengwa mji mmoja.

Najitetea kidogo. Umoja wa Ulaya na NATO vyote vina makao makuu Brussels. Mwaka ule wa kura kila kimoja kilikuwa na wanachama 28, na 22 kati yao walikuwa wale wale. Kwa mtu anayesikiliza habari huku anapika, hiyo ni ajali inayosubiri kutokea. Lakini Ireland na Austria zimo katika Umoja bila kuwa NATO, huku Uturuki na Norway zikiwa NATO bila kuwahi kuwa ndani ya Umoja. Uingereza yenyewe ilikuwa miongoni mwa waasisi wa NATO mwaka 1949, wakati kwenye jumuiya iliyokuja kuwa Umoja wa Ulaya iliingia mwaka 1973 tu. Kura ya Juni 23, 2016, iliyopita kwa asilimia 51.9, haikumgusa hata askari mmoja wa NATO. Silaha za nyuklia zilibaki. Kiti cha kudumu katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kilibaki. Ushirikiano wa kijasusi na Marekani, Kanada, Australia na New Zealand nao ulibaki.

Baada ya kusahihishwa hivyo nikaangukia kosa la pili, ambalo ni baya zaidi kwa sababu linasikika la kisomi: nikaanza kusema kwamba basi kiusalama hakuna kilichobadilika.

Kilibadilika, ila mahali ambapo sikuwa nimetazama. Uingereza ilitoka rasmi Januari 31, 2020, lakini kwa miezi kumi na moja ya mpito mambo mengi yaliendelea kama zamani. Mpito ulikoma Desemba 31 saa tano usiku kwa saa za London, sisi huku Dar es Salaam na Nairobi tukiwa saa nane usiku wa Mwaka Mpya. Saa hiyo polisi wa Uingereza walikatiwa Mfumo wa Taarifa wa Schengen, unaofahamika kwa kifupi SIS.

Ili kuelewa ni kitu gani, fikiria vijiwe vya bodaboda vya mji mzima vyenye daftari moja la pamoja kwenye simu. Pikipiki ikiibiwa kijiwe cha kwanza, mwenyewe anaandika namba yake mara moja tu, na papo hapo inaonekana vijiwe vyote. Hapigii mtu simu, wala hasubiri mtu aamke. Kijana wa kijiwe cha mwisho akiiona pikipiki hiyo na kuingiza namba, simu inamjibu: hii inatafutwa, na fulani ndiye anayeitafuta. Uzuri wake ni kwamba yule kijana hakuwa anaitafuta. Alikuwa anakagua tu kama anavyokagua nyingine zote.

SIS ndilo daftari la namna hiyo, ila ndani yake mna watu wanaotakiwa na mahakama, watoto waliopotea, magari ya wizi na hati za kusafiria zilizoibiwa. Uingereza haikuwahi kuwa ndani ya eneo la Schengen, lile lisilo na ukaguzi wa mipakani, lakini ilikubaliwa kulitumia daftari kwa kazi za polisi kuanzia 2015. Na ililitumia kweli kweli: mwaka 2019 polisi wake walilipekua zaidi ya mara milioni 600, yaani zaidi ya mara milioni 1.6 kwa siku.

Hapa nisije nikakupa kosa langu la tatu. Milioni 600 si idadi ya wahalifu. Mfumo wa polisi wa Uingereza ulikuwa umeunganishwa na SIS kiasi kwamba askari aliyekagua namba ya gari barabarani alikuwa analipekua daftari la Ulaya bila hata kujua. Ndiyo maana tarakimu ni kubwa hivyo, na ndiyo maana kuondolewa kwake hakukupiga kelele. Kioo cha kompyuta kilibaki kile kile, kikawa tu kinajibu machache zaidi.

Kilichobaki ni Interpol, shirika la kimataifa la ushirikiano wa polisi. Interpol inafanya kazi, lakini ni kama ubao wa matangazo kwenye ofisi ya serikali ya mtaa: lazima mtu aamue kwenda kubandika. Polisi wa Ufaransa akishaandika jina kwenye SIS ameifikia Ulaya yote. Kumfikia Mwingereza kunamtaka afanye kazi ile ile mara ya pili kupitia Interpol, na wengine hawaifanyi. Uingereza iliomba iendelee kuliona daftari. Brussels ikajibu kwamba sheria zake haziruhusu nchi iliyo nje ya Umoja na nje ya Schengen kuingia humo.

Kuna wahalifu wangapi waliopenya kwa sababu hiyo? Aliyepita bila kukamatwa hahesabiki, na mwaka uliofuata mipaka ilikuwa imebanwa na korona, kwa hiyo ukilinganisha kabla na baada unalinganisha miaka isiyofanana. Anayekupa idadi kamili mwulize ameitoa wapi.

Jambo la mtu kukabidhiwa kwa mahakama ya nchi nyingine lina ushahidi wa wazi zaidi, kwa kuwa limeandikwa. Tangu 2004 hati ya kukamata ya Ulaya ilimwezesha jaji wa nchi moja kumwomba jaji mwenzake moja kwa moja, bila waziri kuingilia, na nchi haikuweza kukataa kwa hoja kwamba "huyu ni raia wetu". Mkataba wa biashara na ushirikiano uliofikiwa Desemba 24, 2020 uliacha utaratibu unaofanana na huo, lakini nchi ziliruhusiwa kuwakatalia raia wao. Ujerumani haikuwa hata na la kuamua: ibara ya 16 ya katiba yake inakataza Mjerumani kukabidhiwa nje, isipokuwa kwa nchi mwanachama wa Umoja wa Ulaya au mahakama ya kimataifa. Uingereza haikuwa tena mwanachama. Mlango ukafungwa na sentensi moja ya katiba ya watu wengine.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote kinatuhusu huku pwani. Desemba 2008 Umoja wa Ulaya ulianzisha operesheni Atalanta dhidi ya maharamia wa Kisomali. Washukiwa walikabidhiwa Kenya kwa makubaliano ya Machi 2009 na kushtakiwa Mombasa, lakini operesheni yenyewe iliongozwa kutoka Northwood, nje kidogo ya London. Kwa sababu ya Brexit, yaani huko kujitoa, makao yakahamishiwa Rota, Hispania, Machi 2019, mwezi ambao Uingereza ilipangiwa kuondoka. Ofisi ikahama kwa wakati. Nchi yenyewe ikachelewa miezi kumi.

Kwenye diplomasia ushahidi ni mwepesi zaidi, japo matukio yanavutia. Juni 22, 2017, Mauritius ikiungwa mkono na nchi za Afrika ililiomba Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lipeleke kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki suala la Chagos, visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa mikononi mwa Uingereza na kudaiwa na Mauritius. Kura zikawa 94 kwa 15, na 65 hawakuegemea upande. Ufaransa, Ujerumani, Hispania na Italia zilikuwa miongoni mwa hao 65. Novemba mwaka huo Uingereza ikakosa jaji katika mahakama hiyo kwa mara ya kwanza tangu ilipoanza kazi mwaka 1946. Mei 2019, Chagos iliporudi Baraza Kuu, kura zikawa 116 kwa 6, na mwanachama mwingine wa Umoja wa Ulaya aliyesimama na London alikuwa Hungary pekee.

Wengi wanasema hiyo ndiyo bei ya kujitoa. Mimi naikubali nusu. Mara zote hizo Uingereza ilikuwa bado mwanachama, na hoja yake juu ya Chagos ilikuwa dhaifu tangu mwanzo, kwani si rahisi kuwatetea waliohamisha watu visiwani mwao. Nisichokitilia shaka ni kwamba ilipoteza kikao. Mawaziri wa mambo ya nje wa Umoja hukutana karibu kila mwezi, na vikwazo hupitishwa kwa kauli moja. Aliye ndani anapendekeza, anazuia, anabadili neno. Aliye nje anapiga hodi baadaye kuuliza wameamua nini.

Vita vya Ukraine vilipozuka Februari 2022, London na Brussels zilipanga vikwazo kwa kuwasiliana. Wapo waliodai kwamba Uingereza ilipeleka silaha mapema kwa sababu ilikuwa huru. Estonia na Poland nazo zilipeleka, zikiwa ndani ya Umoja.

Mei 19, 2025 pande hizo mbili zilitia saini London ushirikiano wa usalama na ulinzi, miaka mitano baada ya serikali ya Boris Johnson kukataa kulijadili jambo hilo. SIS haikurudishwa. Uingereza imekuwa ikijenga mfumo wake mbadala, na imeanza kwa kuwaunganisha polisi wake na matangazo ya Interpol, ule ule ubao wa serikali ya mtaa.