Mbwa Pembeni ya Baiskeli: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Alfajiri pembezoni mwa Arusha utawaona watu wakielekea shambani kwa baiskeli, jembe limefungwa kwenye karia, mbwa mmoja au wawili wakifuata nyuma. Hakuna kamba, wala hakuna aliyewafundisha. Picha hiyo ndiyo iliyonipotosha nilipoanza kumkimbiza mbwa wangu pembeni ya baiskeli, na naona inawapotosha wengi. Mbwa wa shamba anajipangia mwendo: akichoka anabaki nyuma, akikuta kivuli anajilaza, akisikia lori anaingia majanini. Mbwa aliyefungwa kwenye baiskeli hawezi kufanya hata moja kati ya hayo. Kamba ikishafungwa, mwendo, umbali na saa ya kupumzika vyote viko mikononi mwa aliyeshika usukani. Karibu kila dhana ninayoieleza hapa chini inazaliwa na kulisahau jambo hilo.

“Mbwa anajua kukimbia, hana haja ya kufundishwa”

Kukimbia anajua. Asichokijua ni baiskeli: kitu kinachosogea bila miguu, cheni inalia, breki zinapiga kelele, na kinaweza kumkanyaga. Mbwa wengine wanaiogopa, wengine wanaifukuza na kuuma tairi.

Anza na baiskeli iliyosimama uani. Mpe chakula karibu nayo siku mbili tatu, ainuse, aizunguke. Zungusha pedali, piga kengele, mwache azoee. Kisha isukume huku unatembea, baiskeli ikiwa katikati yenu. Hatua hii watu wanaipuuza, na kwangu ndiyo yenye faida kuliko zote, kwa sababu hapo ndipo mbwa anapojifunza mahali pake: bega lake usawa wa mguu wako, pua isipite gurudumu la mbele. Mbwa aliyezoea kutangulia gurudumu hilo, siku moja atakukatizia, na siku hiyo hutawahi breki. Kila anapokaa mahali pake mpe kitu kidogo cha kula, tena mpe ukiwa umeshusha mkono pale pale unapotaka awe. Fanya pia mazoezi ya kukata kona taratibu kuelekea upande wake, ajue kwamba ukimgeukia, anayesogea ni yeye.

Haya yote ni kazi ya wiki kadhaa. Ukipanda mara ya kwanza, panda mahali pa wazi pasipo na gari, kiwanja cha mpira kwa mfano, dakika tano, kisha shuka mrudi nyumbani kwa miguu.

“Funga kamba kwenye usukani, mikono ibaki huru”

Nilifanya hivyo. Kuku alikatiza njia, mbwa wangu wa kilo 28 akamfuata, usukani ukageuka wote kwa mpigo mmoja. Nilianguka upande wake na baiskeli ikamlalia. Mimi nilichubuka kiwiko. Yeye alichechemea siku nne, na ulipita karibu mwezi mzima kabla hajakubali tena kusimama karibu na baiskeli. Kosa lilikuwa langu, na bado linaniuma, maana lingeepukika kwa kufikiri kidogo tu jinsi baiskeli inavyojiendesha.

Usukani ni wenzo. Ukivutwa kwenye ncha yake, hata kwa nguvu ndogo, gurudumu la mbele linageuka. Nguvu hiyo hiyo ikivuta chini ya kiti, au chini zaidi karibu na ekseli ya nyuma, inakutana na uzito wako wote pamoja na wa baiskeli. Utayumba, lakini hutapinduka kirahisi. Ndiyo maana vifaa vilivyoundwa kwa kazi hii, vile vya mkono wa chuma wenye springi, hufungwa kwenye bomba la kiti au nyuma ya fremu. Springi inameza mvuto wa ghafla, mkono unamweka mbwa mbali na spoki. Madukani kwetu si rahisi kuvipata. Ukiamua kumpelekea fundi wa kuchomelea, sisitiza mambo mawili: springi iwepo, na kifungo kiwe cha kuachia haraka, kwa sababu ipo siku mbwa atapita upande mmoja wa nguzo na wewe upande wa pili.

Kuzungushia kamba kiganjani ni hatari vilevile. Mkono uliofungwa hauwezi kuachia wala kufika kwenye breki. Zile kamba nyembamba zinazojikunja zenyewe ndani ya kishikio ziache nyumbani kabisa, zinaingia kwenye gurudumu. Na usifunge kamba kwenye ukanda wa shingoni. Mbwa avae mkanda wa kifua unaoacha mabega yake huru, ili mvuto ukija upokelewe na kifua badala ya koo.

“Upande wowote ni sawa”

Mbwa anakaa upande ulio mbali na magari. Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto, kwa hiyo mbwa awe kushoto, ukingoni. Ukivuka kwenda Rwanda, Burundi au Kongo, magari yanapita kulia na mbwa anahamia kulia, na hiyo inadai kumfundisha upya. Ujerumani, ambako sheria ya barabarani inamtaja mbwa kuwa mnyama pekee anayeruhusiwa kuongozwa na mtu aliye juu ya baiskeli, naye hukimbia kulia.

Ila ukingo wa barabara zetu ndiyo njia ya waenda kwa miguu. Kwenye miji ya mwambao, Tanga, Mombasa, Unguja, jirani yako anayeelekea msikitini alfajiri anajua kwamba mate ya mbwa ni najisi ya kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Fupisha kamba, punguza mwendo, mpishe mapema kabla hajalazimika kuruka mtaro. Nako mitaani mbwa wengine watatoka getini kumfuata wako, kwa hiyo chanjo yake ya kichaa cha mbwa isiwe imepitwa na muda.

“Maadamu bado anakimbia, hajachoka”

Hapa ndipo mbwa wanapofia.

Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Tezi zake za jasho zenye kazi ziko kwenye nyayo, na hazimpozi vya kutosha. Anajipoza kwa kuhema: unyevu wa ulimi, kinywa na pua unakauka na kuondoka na joto. Wewe uliye juu ya baiskeli unapigwa na upepo, jasho linakauka, unajisikia vizuri. Yeye yuko chini karibu na lami, amevaa manyoya, na kazi kubwa anaifanya yeye. Usijipime wewe ukadhani umempima yeye.

Kwa kuwa anategemea ukaukaji huo, unyevu wa hewa una uzito sawa na jua. Asubuhi ya Dar es Salaam inaweza kuwa na mawingu na bado ikamshinda mbwa, kwa sababu hewa imeshiba maji na kuhema kwake hakumpozi. Asubuhi ya Arusha au Nairobi ni nyingine kabisa. Februari pwani, mimi nisingemkimbiza mbwa kwa baiskeli hata kidogo. Ningetembea naye ufukweni.

Mwaka 2020 watafiti wa Uingereza walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za kliniki za wanyama kuhusu mbwa waliougua kwa kuzidiwa na joto. Watu walizoea kulaumu magari yaliyofungwa vioo. Ilibainika kwamba karibu robo tatu ya visa vilitokana na mazoezi, na magari yalikuwa takriban visa 5 katika kila 100. Tena hiyo ni Uingereza, nchi ya baridi.

Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39 na kidogo. Likipanda kupita 41 na kubaki huko, viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Kabla ya kufika huko anakuambia, ila hasemi kwa kusimama. Mbwa anaandamana na mtu wake, na wengi wataendelea hadi waanguke. Tazama ulimi: ukirefuka na kupanuka nchani kama kijiko, shuka. Mate yakiwa mazito, ufizi ukiwa mwekundu kupita kawaida, akitafuta kivuli, shuka. Akiyumba au kutapika umeshachelewa, anza kumpoza hapo hapo. Na alama ninayoiamini kuliko zote ni kamba. Mbwa mwenye nguvu kamba yake imelegea au inavuta mbele. Siku kamba ikianza kukaza kuelekea nyuma, hata kwa nusu hatua, safari imekwisha. Mnarudi mkitembea.

Lami nayo usiisahau. Weka mgongo wa kiganja chako juu yake sekunde saba. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake pia zitaungua. Barabara ya vumbi au ya changarawe laini ni bora, ila kagua katikati ya vidole vyake mkirudi, kokoto na miiba hubaki humo.

“Mbwa aliyezidiwa na joto usimmwagie maji ya baridi”

Nimelisikia hili kwa watu wenye nia njema kabisa, wakisema mishipa itajifunga na joto litabaki ndani. Madaktari wa wanyama sasa wanashauri kinyume: mpoze kwanza, kisha msafirishe. Mmwagie maji yoyote uliyonayo yaliyo baridi kuliko mwili wake, mwili mzima, mpepee au mweke penye upepo, usimzibie pua wala mdomo. Usimfunike taulo lililolowa ukaliacha juu yake, litashika joto. Kisha kwa daktari, hata kama ameinuka na kutikisa mkia.

“Mbwa ana mbio kuliko baiskeli, mwendo wangu haumsumbui”

Mbio za shoti anazo, lakini ni za muda mfupi. Mwendo wa masafa ni mchakamchaka, ule ambao mguu wa mbele wa kulia unakwenda pamoja na wa nyuma wa kushoto, mgongo umetulia. Ukiona mgongo unajikunja na kukunjuka, ameanza shoti; punguza. Mwangalie yeye, achana na spidi ya simu.

Wajerumani wana jaribio la tangu zamani la ustahimilivu wa mbwa aina ya German Shepherd. Mbwa anakimbia kilomita 20 pembeni ya baiskeli kwa mwendo wa kilomita 12 hadi 15 kwa saa, na njiani wanapumzika, na mwamuzi anamkagua uchovu na nyayo. Hiyo ni kwa mbwa aliyekomaa, aliyezaliwa kwa kazi, na aliyeandaliwa kwa miezi. Mwendesha baiskeli wa kawaida kwenye tambarare anafika mwendo huo bila hata kujua, na mteremkoni anaupita mbali. Kwa mbwa anayeanza, kilomita moja au mbili zinatosha, nusu yake kwa kutembea, na siku ya kupumzika katikati.

“Aanze akiwa mdogo, azoee”

Azoee baiskeli, ndiyo. Kukimbia nayo, hapana. Ncha za mifupa ya mbwa anayekua bado ni laini, na kwa mbwa wa aina kubwa haziwi ngumu hadi umri wa mwaka na zaidi. Hao Wajerumani hawampokei mbwa kwenye jaribio kabla ya miezi 16. Umri wa udogo utumie kwa ule mchezo wa uani na baiskeli iliyosimama.

“Koko hawezi, tafuta mbwa wa kizungu”

Mbwa wetu wa kienyeji, mwembamba, mwenye manyoya mafupi na miguu mirefu, mara nyingi ameumbika kwa kazi hii na kwa hali yetu ya hewa kuliko wengi wanaonunuliwa kwa mamilioni. Akiwa na afya, hana minyoo wala ugonjwa wa kupe, atakimbia vizuri. Asiyefaa kabisa ni mbwa wa pua bapa, kama bulldog na pug, ambaye anakosa pumzi hata akipanda ngazi.

“Amri lazima ziwe za Kiingereza”

Nyumba nyingi kwetu watu wanaongea Kiswahili siku nzima, lakini mbwa anaambiwa “sit” na “come”. Mbwa anashika mlio wa neno na kinachofuata baada yake. “Simama”, “polepole”, “acha” yanafanya kazi barabara, mradi wote nyumbani waseme neno lilelile, kuanzia watoto hadi mlinzi wa getini. Tahadhari yangu ni moja. “Kulia” na “kushoto” yanaanza kwa mlio mmoja, na “kulia” liko karibu mno na “kula”, neno ambalo mbwa wako pengine alilijua kabla ya jina lake. Mimi nilichagua “huku” kwa upande wangu na “kule” kwa upande wake, na kila moja nikalisema kwa sauti tofauti. Lifundishe kwa miguu mpaka asikosee, ndipo upande baiskeli.

“Akirudi ana njaa, mpe sahani yake”

Mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu akila sana karibu na mbio, kabla au baada, tumbo linaweza kujaa hewa na kujipinda, na hapo ni upasuaji wa haraka au kifo. Msikimbie kabla hazijapita saa kadhaa tangu alipokula. Mkirudi, mpe maji kidogo kidogo, mwache ahemee kivulini mpaka kinywa kifunge chenyewe. Chakula kingoje angalau saa nzima, hata akikutazama kwa macho yale.