Katuni za siasa za karne ya 19 zilikuwa kitu gani hasa?

Hizi ni picha za kejeli zilizochapishwa kwa wingi kumsema mtawala, yaani mchoraji anatoa maoni yake ya siasa kwa mchoro badala ya makala. Mfano mzuri ni Ufaransa maana pale serikali iliziogopa kweli kweli.

Kilichorahisisha kazi ni litografia. Unachora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa, unalilowesha maji, wino unashika penye mafuta tu, unagandamiza karatasi, nakala zinatoka. Jambo likitokea, baada ya muda mfupi picha iko dirishani kwa muuzaji pale Paris na hata asiyejua kusoma anasimama anaangalia na ujumbe anaupata.

Chukua Gargantua (jina la jitu lafi la hadithi za Kifaransa), katuni ya mchoraji Mfaransa Honoré Daumier, 1831. Mfalme wa Ufaransa Louis-Philippe kakaa kitini, kichwa kama tunda la pea, tumbo hilo, na mdomoni kwake kumeegeshwa ubao mrefu unaoanzia chini kabisa, watu wanaupanda na vikapu vya pesa za kodi wanammiminia, huku walipa kodi wenyewe wamechoka na matambara yao, afu chini ya kiti zinatoka karatasi za vyeo na nishani, wakubwa wanazigombania. Ukiiangalia tu umeshajua hela ya nchi inaenda wapi! Daumier akafungwa miezi 6.

Na si lazima ichekeshe. Aprili 1834 askari waliingia kwenye nyumba moja mtaa wa Transnonain pale Paris wakaua wakazi, Daumier akachora chumba tu, baba na nguo yake ya kulalia yuko sakafuni amekufa, chini yake mtoto mdogo. Mfalme hayupo kabisa kwenye picha na bado kila mtu alijua anayesemwa ni nani, kwangu hiyo ndo kali kuliko zote.

Septemba 1835 ikaja sheria kwamba picha lazima ipate kibali kabla ya kuchapishwa, wakati makala hazikuwekewa sharti hilo, ona wenyewe walichokuwa wanakiogopa zaidi. Daumier akahamia kuchora mawakili, wenye nyumba na matapeli wa biashara, akawachora miaka na miaka kwenye gazeti la Le Charivari. Mwaka 1848 mfalme akapinduliwa akakimbia, na Daumier akamchora mtoto wa mtaani kajiachia kwenye kiti cha enzi pale ikulu ya Tuileries, anashangaa kinavyobonyea.