Maana ya Wingu: Picha Zako Hukaa Wapi Simu Ikizama Ziwani

Simu ya mama mmoja anayeuza dagaa katika mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, ilitumbukia ziwani alfajiri moja alipokuwa akiinama kupokea ndoo kutoka kwenye mtumbwi, na haikuonekana tena. Siku ya tatu alifika kwa fundi simu wa Mwanga akiwa na simu nyingine na laini yake aliyokwisha kuirudisha kwa alama ya kidole, huku ameshakubali moyoni kwamba picha za wajukuu na picha za karatasi za madeni ya wateja zimekwenda na maji. Fundi alimwamkia, akamuuliza, "Mama, akaunti yako ni ipi?" Akajibiwa, "Mwanangu, mimi sina akaunti, nina laini tu."

Akaunti alikuwa nayo, ile ya mtandaoni ambayo simu huipelekea picha. Aliyemuuzia ile simu ya kwanza ndiye aliyemfungulia, akatunga neno la siri ambalo mwenye simu hakuwahi kuambiwa. Fundi aliomba namba ya uthibitisho itumwe kwenye laini, akamtaka mama atunge neno la siri jipya mwenyewe, na baada ya dakika chache picha zikaanza kushuka moja moja. Namba za wateja alizozihifadhi kwenye kumbukumbu ya simu peke yake hazikurudi. Magrupu ya WhatsApp yalirudi, lakini mazungumzo yaliyokuwa ndani yake hayakurudi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwasha uhifadhi wa nakala.

Kilichorudi kilikuwa kwenye wingu, na kilichopotea kilikuwa ndani ya simu. Kompyuta ya wingu ni mpangilio ambao kazi ya kuhifadhi na kuchakata taarifa hufanywa na kompyuta za mtu mwingine zilizo mbali, nawe ukaitumia kazi hiyo kupitia intaneti kwa kiasi unachokihitaji na kwa muda unaouhitaji. Hakuna kitu chochote kilicho angani. Jina lilitokana na desturi ya wahandisi ya kuchora wingu kwenye michoro ya mitandao kila walipotaka kuonyesha sehemu ambayo undani wake haukuwa na haja ya kuelezwa. Nyuma ya mchoro huo yapo majengo yenye maelfu ya seva, yaani kompyuta za kuhudumia kompyuta na simu nyingine, yenye umeme usiokatika na mitambo ya kupoza joto, na yana mlango, mlinzi na mmiliki.

Watu wa Kigoma wana njia ya kuielewa dhana hii ambayo wengine hawana. Kwa miaka mingi mkoa wetu uliishi kwa majenereta ya dizeli, na mwenye hoteli au mashine ya kusaga aliyetaka uhakika alinunua jenereta lake, akabeba gharama ya mafuta, vipuri na fundi, hata siku ambazo mashine haikusaga debe moja. Mkoa ulipounganishwa na gridi ya taifa, mtu huyohuyo aliweza kununua uniti za LUKU kwa kadiri ya matumizi yake, bila kujua umeme umetoka bwawa gani. Kompyuta unayoinunua ili ifanye kila kitu yenyewe ni jenereta, na wingu ni gridi. Wazo hili ni la zamani kuliko intaneti yenyewe, kwa sababu John McCarthy, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alisema mwaka 1961 kwamba huenda siku moja uwezo wa kompyuta ukauzwa kama huduma ya umma, mfano wa simu. Amazon ilianza kukodisha hifadhi kwa utaratibu huo Machi 2006, na uwezo wa kuchakata Agosti mwaka uleule. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilipotoa tafsiri yake rasmi mwaka 2011, ilitaja mambo ambayo mwenye mita ya LUKU anayafahamu tayari: unajihudumia mwenyewe, unatumia rasilimali ambazo wengine pia wanazitumia, unaongeza au kupunguza kwa haraka, na matumizi yako yanapimwa.

Hata hivyo mfano wa umeme unaishia mahali pamoja, na mahali hapo ndipo penye uzito. Umeme ulioutumia umekwisha, lakini picha uliyoipeleka kwenye wingu inaendelea kuwa mikononi mwa kampuni.

Kosa linalowaumiza watu wengi kuliko yote ni kuchanganya kuhifadhi nakala na kusawazisha. Nakala ni kitu cha pili kilichowekwa kando, kwa hiyo ukifuta cha kwanza cha pili kinabaki. Kusawazisha ni kuhakikisha kwamba kilichoko kwenye simu na kilichoko kwenye wingu vinafanana wakati wote, na kwa maana hiyo ukifuta huku kinafutika na kule. Mtu anaona simu imejaa, anajiambia kwamba picha zipo Google, anaingia ndani ya programu ya Google Photos na kuzifuta, kumbe ameziondoa pote. Picha zilizokwisha kuhifadhiwa hukaa kwenye kapu la taka la programu hiyo kwa siku 60, na baada ya hapo hazirudi. Programu ina sehemu maalumu ya kupata nafasi, ambayo huondoa nakala ya kwenye simu peke yake na kuiacha ile ya kwenye wingu. Sehemu hiyo ndiyo ya kutumia, na ningependa kila muuza simu amwonyeshe mteja kabla hajamkabidhi risiti.

Kuhusu gharama, akaunti ya Google hutoa GB 15 bila malipo, zinazogawanywa kati ya barua pepe, mafaili ya Drive na picha, na iCloud ya Apple hutoa GB 5. Dakika moja ya video nzuri inaweza kula MB 100, kwa hiyo GB 15 hujazwa na video za saa mbili na nusu hivi, yaani harusi moja iliyorekodiwa na shangazi asiyechoka. Nafasi ikijaa, hata barua pepe huacha kuingia. Kupandisha video hizo kunatumia bando, na ndiyo maana ni busara kuiagiza simu isubiri Wi-Fi.

Umbali nao una hesabu yake. Data husafiri kama mwanga ndani ya mkongo, yaani waya wa nyuzi za kioo, kwa kasi ya takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, na kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa kufuata reli ni kama kilomita 1,250, ambazo ni milisekunde 6 hivi, yaani sehemu sita za elfu za sekunde, kwa safari ya kwenda tu. Kutoka pwani data hushuka baharini kuelekea kwenye seva za mbali. Barani Afrika, Microsoft ilifungua vituo vyake Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020, na Google ikafungua Johannesburg mwaka 2024, ingawa mtumiaji wa kawaida hachagui picha zake zilale wapi. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Siku hiyo mtu aliweza kuwa na simu yenye chaji na bando, akashindwa kufungua picha ya mwanawe mwenyewe kwa sababu picha ilikuwa ng'ambo ya waya uliokatika.

Suala la nani anaweza kuifungua picha hiyo limeanza kupata majibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika nchini tarehe 1 Mei 2023, inagusa pia usafirishaji wa taarifa za watu nje ya mipaka. Kwa upande wa teknolojia, tangu mwaka 2021 WhatsApp inamruhusu mtumiaji kuifunga nakala ya mazungumzo yake kwa ufunguo ambao kampuni yenyewe haina. Ulinzi huo ni mkubwa na sharti lake ni gumu, kwa kuwa ukiusahau ufunguo hakuna atakayekufungulia.

Kuhusu yajayo, wengi walitabiri kwamba simu itabaki kioo tu na kazi yote itahamia kwenye wingu. Google ilijaribu kufanya hivyo kwa michezo ya video kupitia Stadia, iliyoanza Novemba 2019 na kufungwa Januari 2023. Mwelekeo wa sasa ni wa kugawana kazi, na kwa maoni yangu unatufaa zaidi. Mwaka 2023 Google iliweka akili mnemba ya Gemini Nano ndani ya simu ya Pixel 8 Pro ili baadhi ya kazi zifanyike bila kutoka nje ya simu, na mwaka 2024 Apple ikatangaza utaratibu ambao simu hufanya inachokiweza na kupeleka kwenye seva zake yale yanayoizidi nguvu. Kwa mvuvi aliye katikati ya Ziwa Tanganyika, mahali ambapo mtandao umeshapotea, simu inayoweza kufanya kazi yenyewe na kusawazisha ikifika mwaloni ina thamani kubwa kuliko ile inayosubiri wingu kwa kila jambo. Kinachochelewesha ni bei, kwa kuwa uwezo huo unahitaji chipu na kumbukumbu kubwa ambazo simu nyingi zinazouzwa Mwanga bado hazina. Yule mama wa Kibirizi alichagua simu ya bei aliyoimudu, na kabla hajaondoka fundi alihakikisha namba za wateja wake sasa zinahifadhiwa kwenye akaunti, na neno la siri limeandikwa kwenye daftari lake la madeni, ukurasa wa mwisho, kwa mkono wake mwenyewe.