Ua mpya, nyumba mpya: yanayoaminika kuhusu gharama na dhamana

"Niambie tu bei ya mita moja ya mraba."

Wengi wanaotaka kutandaza pevingi, yaani tofali za sakafu ya nje, nyuma ya nyumba huanza na swali hili, na makadirio huanza kupotoka hapo hapo. Sehemu kubwa ya kazi iko chini ya kile utakachokikanyaga. Chukua ua wa mita za mraba 40 unaochimbwa sentimita 20 ili kupata nafasi ya kifusi, mchanga na tofali lenyewe. Hizo ni mita za ujazo 8 za udongo uliolala. Ukishachimbuliwa huvimba, mara nyingi kwa robo hivi, kwa hiyo utakaopakiwa kwenye lori ni kama mita 10. Kifusi kinachorudi shimoni nacho hupungua kikishindiliwa, hivyo lazima kiagizwe zaidi ya kipimo cha shimo. Fundi asiyeyataja haya hajakupunguzia gharama. Atadai nyongeza kazi ikiwa katikati, au atachimba kina kidogo na tofali zitatitia.

Bei mbili haziwezi kulinganishwa mpaka zote ziandikwe kwa vipengele: kina cha kuchimba, kubeba udongo, unene wa kifusi na namna kitakavyoshindiliwa, unene wa tofali (sentimita 6 hutosha njia ya miguu, panapopita gari huwekwa 8), kingo za pembeni, na maji yataelekea wapi. Ongeza asilimia 5 hadi 10 kwa tofali za kukatwa na kuvunjika. Mimi nikipewa makadirio natafuta kwanza kipengele cha maji. Kisipokuwemo, karatasi hiyo naiweka kando hata kama bei yake inavutia.

"Nyumba ina dhamana ya miaka kumi, muda ninao."

Miaka hiyo kumi ipo kweli katika nchi kadhaa, ila haihusu kila kitu. Nchini Ufaransa sheria inambana mjenzi kwa ngazi tatu: mwaka 1 kwa kasoro zilizoripotiwa, za aina yoyote, miaka 2 kwa vifaa vinavyoweza kuondolewa bila kuharibu jengo, na miaka 10 kwa kasoro zinazohatarisha uimara wa jengo au kulifanya lisifae kutumika. Marekani wajenzi wengi hutoa mpangilio unaofanana na huo: mwaka 1 kwa ufundi na vifaa, 2 kwa mifumo kama ya maji na umeme, 10 kwa muundo. Katika mikataba mingi ya ujenzi, kipindi cha matazamio, yaani muda ambao mkandarasi anawajibika kurudi kurekebisha kasoro, ni miezi 6 au 12 tu baada ya makabidhiano. Mlango unaokwama, rangi inayobabuka na kigae kinacholia wazi ukikigonga, vyote ni vya kudai mapema. Soma mkataba wako na uandike tarehe ya mwisho ya kila ngazi.

"Ufa ni ufa."

Sivyo. Lipu na zege hunywea zikikauka, na nyufa nyembamba kama unywele ni za kawaida. Hizo ni afadhali kuzibwa zote kwa pamoja, kipindi cha matazamio kikikaribia kwisha. Ufa unaoanzia kwenye kona ya dirisha ukashuka mshazari, ulio mpana upande mmoja kuliko mwingine, au unaoendelea kukua, usiusubirishe. Weka alama ya penseli kwenye ncha zake, andika tarehe, upige picha ukiwa na rula pembeni.

"Nimeshampigia mkandarasi, amesema atakuja."

Ahadi ya simu haithibitishi ulidai lini. Andika, taja chumba na kasoro, ambatisha picha, tunza nakala. Usilete fundi mwingine kabla mkandarasi hajaona, maana ukishakarabati ushahidi umeondoka. Bomba likipasuka, funga maji, piga picha, na kipande kilichotolewa kihifadhi.

"Ua ni wangu, dhamana ni ya nyumba. Havihusiani."

Dhana hii ndiyo inayoumiza kuliko zote, na inanisikitisha kuona watu wakipoteza haki yao kwa kazi waliyoilipia wenyewe. Tabaka la kuzuia unyevu ukutani linapaswa kubaki angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje. Ukijaza udongo au kutandaza tofali hadi kulifikia, unyevu utapanda ukutani, na mkandarasi atakuwa na sababu halali ya kukataa dai lako. Mteremko nao usielekee ukutani: udongo ushuke kama sentimita 15 ndani ya mita 3 za kwanza, na sakafu ngumu sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita.

Udongo uliojazwa kando ya msingi huendelea kutitia baada ya ujenzi, hasa ukipata mvua. Ukiweza, acha msimu mmoja wa mvua upite kabla ya kutandaza hapo. Kabla ya kuchimba, omba mchoro unaoonyesha mabomba na nyaya zilipopita, piga picha kuta zote, na mkandarasi aandike kwamba ameuona mpango wako. Fundi wa ua naye atoe dhamana yake kwa maandishi, inayotaja kutitia na maji kutuama, na sehemu ya malipo yake ibaki mkononi mwako mpaka mvua kubwa iipime kazi hiyo.