Mita moja, vyumba sita

Modeli yangu ya nishati, yaani programu ya kompyuta ya kupiga hesabu za gharama, ilisema nyumba ile ipikie umeme. Maharage kwenye jiko la presha la umeme yanakula uniti chache, mkaa umepanda bei, hesabu imefungwa. Nyumba yenyewe iko Makorora, hapa Tanga: vyumba sita, wapangaji sita, mita ya LUKU moja. Kando ya mita pamebandikwa karatasi: "MARUFUKU HITA, PASI NA JIKO LA UMEME. Amri ya mwenye nyumba."

Karatasi hiyo haikuwemo kwenye modeli.

Modeli nyingi za nishati, tangu MARKAL ya miaka ya 1970 hadi OSeMOSYS ninayoitumia mimi, hutafuta njia ya gharama ndogo kuliko zote kwa nchi nzima. Mwamuzi humo ndani ni mmoja tu, anajua bei za miaka 30 ijayo na hela haimpigi chenga. Mtaani Ngamiani, hapa Tanga, sijawahi kukutana naye.

Majibu yakigongana na hali ya mtaani, tuna ujanja wetu: tunapandisha kiwango cha punguzo, yaani asilimia ambayo hela ya baadaye inapunguzwa thamani kila mwaka ikihesabiwa leo. Kwa asilimia 10, shilingi 1,000 utakazookoa mwakani zinahesabiwa leo kama 909. Weka asilimia 60, zinabaki 625. Hapo jiko la umeme, la bei, halilipi tena, modeli inarudi kwenye mkaa, na grafu inafanana na mtaa. (Nimeshafanya hivyo, na ripoti ikapita.)

Ubaya wake, namba hiyo moja inameza mambo yasiyofanana. Mama wa chumba cha nyuma, muuza vitumbua, ananunua mkaa kwa kopo kwa kuwa hela yake inaingia kwa siku. Huyo ukimkopesha jiko umemsaidia. Jirani yake analipwa mwisho wa mwezi, na jiko analo. Liko uvunguni, bado kwenye boksi. Nilipomuuliza alicheka: "Umeme tunachanga sawa, kaka. Nikipikia mimi, watasema nawamalizia uniti." Mkopo hauna la kumfanyia. Anataka mita yake.

Tena bei nafuu ya TANESCO kwa watumiaji wadogo inaishia uniti 75 kwa mwezi, na zinahesabiwa kwa mita, si kwa kaya. Vyumba sita vinazimaliza kwa feni na friji tu.

Mkakati wa taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Kwa hiyo kiwango cha punguzo nimekirudisha chini, na lile kundi moja la "kaya za mjini" nimelivunja: wenye mita yao na wanaochangia, wa hela ya siku na wa mshahara. Mwenye nyumba naye nimempa hesabu yake. Mita ndogo ya kila chumba anainunua yeye, akiba ya mkaa inabaki kwa mpangaji, kodi ya chumba haipandi. Kwa hesabu hiyo karatasi haibanduki ukutani, hata nikiupandisha mkaa bei mara mbili.