"Daktari, ni mimi niliyempa?"

Mama mmoja kutoka Tandahimba alimleta kijana wake kwangu hapa Mtwara. Kijana amekonda, anaharisha kwa miezi, tumbo linamkata chini upande wa kulia, na mkononi ana karatasi iliyoandikwa "huenda ni Crohn", yaani mcharuko sugu wa utumbo: utumbo huvimba na kutoka vidonda kwa muda mrefu. Kabla sijamgusa mgonjwa, mama akaniuliza swali hilo. Kumbe nyumbani walishaamua: ni tumbo la ukoo wa mama. Huku kusini, ambako Wamakonde na Wamakua kwa desturi huhesabu ukoo kwa mama, neno hilo ni zito.

Mama, hapana. Mtoto huchukua nusu ya jeni zake kwa mama na nusu kwa baba, ukoo uhesabiwe vyovyote. Tena Crohn haina jeni moja ya kunyooshewa kidole. Zimeshapatikana sehemu zaidi ya 200 za vinasaba zinazohusiana na magonjwa ya mcharuko sugu wa utumbo, na nyingi huongeza hatari kidogo mno.

Jeni iliyotambuliwa mwanzo, mwaka 2001, ni NOD2, kwenye kromosomu ya 16. Hiyo ni mlinzi: hunusa vipande vya ukuta wa bakteria ndani ya seli, kisha huiamsha kinga. Ikiwa na hitilafu, mlinzi yupo ila hanusi vizuri. Hata hivyo, wengi waliorithi hitilafu hiyo kwa wazazi wote wawili hawaugui maisha yao yote. Hata kwa mapacha wa kufanana, mmoja akiugua Crohn, mara nyingi mwenzake ni mzima. Sigara, bakteria wa tumboni na mazingira navyo vina mkono.

Linaloniuma ni hili. Aina tatu za hitilafu za NOD2 zinazopimwa sana zilipatikana kwa wagonjwa wenye asili ya Ulaya. Kwa Waafrika ni nadra. Majibu yakirudi safi, hayamwambii kijana wa Tandahimba kwamba hana Crohn. Tafadhali, mtu asiuze korosho zake kulipia kipimo hicho.

Fedha hiyo iende kwenye kamera ya utumbo na kinyama cha kupeleka maabara. TB ya utumbo hupenda kukaa palepale Crohn inapokaa, na vidonda vyake hufanana. Ukimpa mwenye TB dawa za Crohn za kutuliza kinga, unaifungulia TB mlango. Kwa hiyo kwa kijana yule tuliitafuta TB kwanza, na siku ya majibu nikaomba baba yake naye aje.