Ombi la chumba si ahadi

Wageni wengi wanaokuja Moshi huamini kwamba wakishaandika "ghorofa ya juu, dirisha litazame mlima" kwenye tovuti ya kuuza vyumba, basi chumba hicho kimeshatengwa. Sivyo. Ulicholipia ni aina ya chumba na tarehe. Maneno ya kwenye kisanduku cha maombi hufika hotelini kama ujumbe tu, na utekelezaji wake hutegemea nafasi iliyopo siku hiyo.

Juzi nilikuwa mapokezi, mama mmoja na binti yake wametoka Dodoma kwa basi, miguu imevimba, wanaonyeshwa kitanda kimoja. "Jamani dada, mbona niliandika viwili!" Kweli aliandika, chini kabisa ya karatasi, kwenye maombi. Iliniuma sana. Mara nyingi chumba cha vitanda viwili ni aina yake kabisa, huchaguliwa kabla ya kulipa.

Ukipata namba ya uthibitisho, ipigie hoteli yenyewe, taja namba hiyo, uliza kama ombi lako limeonekana, kisha omba jibu kwa maandishi. Desemba, wapanda Kilimanjaro wanapofurika, piga mapema zaidi.